Injini ya treni inapotanguliza boneti ndefu

Injini nyingi za dizeli za kuvuta mizigo zina boneti mbili: fupi upande mmoja wa chumba cha dereva, na ndefu upande wa pili, inayofunika mtambo wenyewe. Huweza kwenda upande wowote. Mzozo ni upande upi utangulie.

Nchini Marekani, injini aina ya GP7, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1949, ilihesabu boneti ndefu kuwa ndiyo mbele. Madereva wa injini za mvuke hawakushangaa, kwani walikwisha kuzoea boila refu mbele yao. Kampuni za Southern na Norfolk & Western zilishikilia mtindo huo hata miaka ya 1970, ilhali wenzao wengi walikuwa wamegeukia boneti fupi iliyoshushwa. Hoja ilikuwa uhai: treni ikigonga lori la mafuta mahali barabara inapokatiza reli, dereva akingwe na chuma kizito.

Hata hivyo, kinga hiyo hupofusha. Dereva huketi kulia. Reli ikipinda kushoto, boneti humzuia kuona ishara, naye hulazimika kumtegemea msaidizi wake wa kushoto. (Msaidizi akisinzia je?) Ni vibaya zaidi injini iliyoundwa kutanguliza boneti fupi ikienda kinyume kwa kukosa mahali pa kugeuzia. Hapo dereva hujikuta kushoto, amepinda shingo safari nzima.

Kwa kuwa macho pekee hayatoshi kutambua, sheria za Marekani hutaka herufi F iandikwe ubavuni, karibu na upande unaohesabiwa kuwa wa mbele.