Moyo Ulioshtakiwa Pate

Nusu karne inakaribia tangu James de Vere Allen, aliyewahi kuongoza makumbusho ya Lamu, atoe toleo lake la Al-Inkishafi jijini Nairobi mwaka 1977. Ubishi uliopo hadi leo ni huu: utenzi huo unaulilia mji wa Pate, au unamhoji mtu na nafsi yake?

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, aliutunga yapata miaka 200 iliyopita, mji ukiwa umeishiwa nguvu. Tafsiri ya mmisionari Taylor ilitoka katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili mwaka 1915. Mhariri Hichens aliuchapisha 1939, akitegemea nakala ya mkono ya Muhammad Kijuma, mwandishi na mchonga milango wa Lamu.

Wengi hukumbuka majumba tu: vidaka vya sahani za thamani vilivyogeuka malalo ya ndege. Allen aliuita katekisimu ya nafsi, nami naona alipatia. Magofu yako katikati tu; utenzi huanza kwa kumtaja Mungu na kuishia Jahannamu. Kabla ya kufika kwenye majumba, mshairi keshaubana moyo wake. Anaufananisha ulimwengu na vumbi linaloonekana katika mwale wa jua upenyao ndani: mtu akinyoosha mkono alishike, hapati kitu. Macho yameona kweli, lakini mkono umetoka mtupu. Moyo wayajua hayo yote kwa kusikia, na bado haushtuki, ndipo unapoonyeshwa Pate.

Basi ni nani anayesema, ikiwa moyo ndio mshtakiwa? Mshtaki na mshtakiwa ni mtu yuleyule. Mwanafalsafa Descartes, mwaka 1641, alitafuta nafsi isiyotiliwa shaka akakuta moja inayofikiri. Sayyid, aliyelelewa katika desturi ya kujihesabu iliyoenezwa na mwanazuoni al-Ghazali, alikuta mbili zikigombana.

Mji wa Kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini magofu ya Pate yamezungukwa na mashamba ya tumbaku. Kijiji cha Chundwa kipo katika kisiwa hichohicho cha Pate, na watoto wake wazungumza lahaja ya Kitikuu nyumbani, si mbali na lugha ya utenzi. Walimu wa Chundwa, Siu na Faza, wasomesheni Al-Inkishafi kama falsafa, si historia ya magofu peke yake.