Ndege ya umeme ya rimoti

Ndege ya umeme ya rimoti iliyo tayari kuruka ni ndege ndogo inayouzwa ikiwa karibu kukamilika, pamoja na rimoti, betri na chaja. Mnunuzi hufunga bawa, huchaji betri na kwenda uwanjani. Maandishi ya boksi yasomwe vizuri: ndege nyingine huuzwa bila rimoti wala betri, na bei yake ndogo huwapumbaza wageni.

Anayeanza anafaa kuchagua ndege yenye bawa juu ya kiwiliwili na ncha zilizoinuka kidogo, kwa sababu umbo hilo huisaidia kujirudisha sawa inapoinama. Mifano ya ndege za kivita, kama Spitfire, hupendeza dukani lakini huadhibu haraka mkono usiozoea. Mwili wa povu ni bora, maana ukivunjika huungwa kwa gundi. Kwa mfano, ndege ya HobbyZone AeroScout S, yenye upana wa mabawa wa takriban mita 1.1, ina rafadha nyuma ya bawa, hivyo pua ikigonga ardhi rafadha mara nyingi husalimika. Kifaa chake cha kielektroniki huzuia ndege isiinamishwe kupita kiasi, na mwanafunzi hukipunguza nguvu kadiri anavyozoea.

Betri ya ndege kama hii, ya lithiamu-polima ya seli 3, hutoa volti 11.1. Isichajiwe bila mtu kuitazama. Ikivimba, isitumike tena. Nchini Marekani, mrushaji wa ndege inayozidi gramu 250 lazima ajisajili kwa mamlaka ya anga, FAA.