Vinu vya Kale vya Pwani ya Kusini

Mtu atakaye kujua habari za vinu vya zamani katika pwani yetu, kuanzia Diani hata Vanga, na aanze na neno lenyewe. Kinu ni gogo lililochongwa likatobolewa katikati, ambamo mpunga hutwangwa kwa mchi. Mashine zilipofika, watu walizipa jina hilo hilo: kinu cha mafuta, kinu cha miwa, kinu cha moshi. Hivyo lugha imehifadhi nasaba ambayo ardhi imeipoteza. Maana gogo huliwa na mchwa, na mchimbaji wa mambo ya kale mara nyingi huambulia jiwe la kusagia tu, lenye uso mmoja uliolika kwa mikono ya wanawake wasiojulikana majina.

Kinu cha mafuta kilizungushwa na ngamia. Huko Unguja na Lamu mnyama huyo alifungwa macho, akazunguka mahali pamoja, na mchi mkubwa ukasaga ufuta hata mafuta yakachuruzika.

Kinu cha miwa kina habari nzito zaidi. Katika karne ya 19, mashamba ya Pangani yalitoa sukari kwa jasho la watumwa, waliokata miwa, wakaikamua na kuyachemsha maji yake. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita juu ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la namna hiyo. Vitabu vyamsifu kwa ushujaa, na ni haki yake. Lakini waliofanya kazi kinuni mwake ni nani awatajaye?

Kwetu Kwale, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, yaani miaka 20 baada ya utumwa kufutwa katika pwani ya Kenya. Hapa walifanya kazi watu wa ujira. Kilipofungwa mwaka 1988, wafanyakazi na wakulima walipoteza riziki yao. Katika karne hii kampuni nyingine imepanda tena miwa katika ardhi hiyo.

Mbao nazo zilipasuliwa bila mashine. Gogo, kama vile la mvule, lililazwa juu ya shimo. Mmoja alisimama juu, mwenziwe chini, wakavutana msumeno mrefu. Wa chini ndiye aliyekula unga wa mbao. Kazi ikiisha, shimo liliachwa, likajaa majani na udongo, na leo mpita njia msituni hulidhania kuwa ni bonde dogo tu.