Chomoa, Ng'oa, Bandua

Kazi yetu imebadilisha kitenzi mara mbili. Nilipoingia katika chumba cha ufundi wa redio cha ami yangu pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mvita, mwaka 1979, redio kuukuu za wazee zilikuwa bado na zile taa za kioo, na kutoa taa ni kuchomoa tu: waishika, waitikisa kidogo, yatoka. Lakini zilizojaa mezani zilikuwa redio za transista. Vipande vyake vina miguu iliyopita tunduni na kulehemiwa upande wa pili, basi hivyo tukiving'oa, kama meno. Siku hizi kipande hakina mguu wa kupita popote. Kimekaa juu ya bodi kama kupe juu ya ng'ombe, nacho hubanduliwa.

Kubandika si kazi. Hata mtoto akishikwa mkono ataweza. Kazi ni kubandua bila kuondoka na ule utando wa shaba ulio chini, ambao unene wake ni kama nusu ya unywele. Ukinyanyuka nao, simu ya mtu umeiua.

Ami moto alijifunza kwa sonara. Sonara wa Mji wa Kale alikuwa akipuliza mrija kwenye mwali wa taa, moto ukapinda ukaenda kwenye kiungo cha pete pale pale anapotaka, na hata neno lehemu twalitumia sisi sote wawili, yeye na mie. Ujuzi huo ami aliuingiza kwenye redio zama za kituo cha redio cha Sauti ya Mvita, chuma cha kulehemu akikitia moto kwenye seredani. Mbwana Radio Service, waliotoa kanda nyingi za taarabu mjini hapa, jina lao lenyewe lakumbusha kuwa muziki na ufundi wa redio vilikaa mlango mmoja.

Kipande cha kwanza kisicho na miguu nilikiona katikati ya miaka ya 1980, ndani ya redio ndogo ya kaseti ambayo baharia mmoja aliileta kutoka Dubai. Wajapani walikuwa wamekwisha kuipenda njia hiyo, kwani bodi yapungua ukubwa na mashine yapanga vipande yenyewe. Ami alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Sasa hapa nang'oa nini?" Kisha akafanya jambo ambalo nalifanya mpaka leo: aliongeza lehemu mpya ncha zote mbili mpaka zikaungana kuwa tone moja, joto likafika kotekote kwa pamoja, akakisukuma kipande kwa ncha ya chuma kile kile. Kikateleza kama sabuni. Wanafunzi huona ajabu kuambiwa waongeze lehemu ili waondoe kitu.

Chipu yenye miguu mingi ubavuni ilitutesa zaidi. Hapo tulichukua uzi mwembamba wa shaba kutoka koili ya redio iliyokufa, ule uliopakwa rangi, hivyo lehemu haiushiki, tukaupitisha chini ya safu ya miguu, ncha moja tukaifunga mahali imara kwenye bodi. Mkono mmoja wavuta polepole, wa pili wapitisha chuma mguu baada ya mguu. Lehemu ikiyeyuka uzi wapita, na mguu haupati tena pa kushika. Chipu ya miguu 28 ilinila robo saa, na jasho. Mabaki tukiyafuta kwa msuko wa shaba uliochunwa ndani ya waya wa antena ya televisheni, ukachovywa katika utomvu wa msonobari. Msuko huo wauzwa tayari. Wetu ulikuwa wa bure.

Mwaka 2000 huduma za simu za mkononi za Safaricom na Kencell zikaanza, na 2007 M-Pesa ikaifanya simu kuwa kibeti. Mtu aliyeweza kuiacha redio yake mwezi mzima sasa akisimama mlangoni akingoja. Ndipo bloa ikaingia, mashine ya kupuliza hewa ya moto kupitia mdomo mwembamba. Siku nilipoiwasha mbele ya ami alicheka: "Sonara karudi."

Kisha vipande vikashika ukaidi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, na viwanda vikafuata. Lehemu ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Hii mpya, ya bati na fedha na shaba kidogo, yataka 217. Nani wa kuja Kibokoni kutuambia? Tulizidisha moto tu, plastiki ikayeyuka kabla ya lehemu. Soketi za chaji nilizounguza wakati ule sitaki kuzihesabu. Dawa ikawa ile ile ya ami: yeyusha lehemu ya risasi juu ya ile ngumu, zichanganyike, kiwango kishuke.

Na hewa yetu ina lake. Chipu hunywa unyevu. Ukiipiga bloa ghafla, maji yaliyo ndani yageuka mvuke, nayo yapasuka kama bisi. Wakati wa masika, chipu ninayotaka kuitumia tena naikausha kwa moto mdogo saa nyingi kwanza.

Lakini aibu yangu kubwa haikuwa ya moto. Nilikuwa nimebandua kapasita salama, milimita 1 kwa nusu, ipo kwenye kibano. Pangaboi likaipeperusha mkekani. Ncha za kapasita hizo zina nikeli, basi nikapitisha sumaku ya spika mkeka mzima. Nikapata pini tatu, kipande cha wembe, na kapasita nne. Haziandikwi chochote. Ya mteja ni ipi? Nikatoa nyingine kwenye bodi ya simu mfu ya aina ile ile, na bibi mwenye simu akanishukuru.

Kijana ninayemfundisha sasa ana hadubini na mkono mwepesi kuliko wangu. Kabla hajawasha bloa huinua macho: "Ami, pangaboi." Nainuka nikalizime.