Udongo Uliokung'utwa: Usukuma na Msako wa Dawa za Bakteria

Mjini Kahama, kuanzia Nyasubi hadi sokoni, dawa za miti shamba hupangwa juu ya turubai lililotandikwa chini: vipande vya mlundalunda, magome ya mlungulungu, mizizi ya nengonengo. Kabla ya kupangwa, kila mzizi hukung'utwa udongo. Watafiti nao hufanya vivyo hivyo mzizi ukifika maabara: huuosha, huuanika kivulini, kisha huusaga. Historia ya kutafuta dawa za bakteria katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita imejengwa juu ya mzizi. Ule udongo uliokung'utwa haukuulizwa kitu, ingawa kwingineko duniani udongo ndio uliojaza kabati za dawa hospitalini.

Tuanze na mzizi, maana ndiko wazee walikoanzia. Kahama ni mahali ambapo Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa wamechanganyika, na kwa wote hao mfumu, yaani mganga, alikuwa mtu mwenye heshima na mwenye kuogopwa. Bugota yake, yaani dawa, iligusa kila kitu: kidonda, kuhara, uzazi, mifugo, mvua, hata ngoma. Vyama vikubwa viwili vya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, hunasibishwa na wafumu wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha, na hadi leo manju, kiongozi wa ngoma, haingii uwanjani bila dawa. Mengi ya haya yamehifadhiwa Bujora, Kisesa, katika makumbusho yaliyoasisiwa na Padri David Clement.

Serikali ya kikoloni haikumtazama mfumu kama mtu mwenye maarifa. Mwaka 1928 Tanganyika ilipitisha sheria ya uchawi, na kivuli chake kiliwafunika waganga wa mitishamba pamoja na wapiga ramli. Mwaka huohuo, London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioangukia sahani yake ya maabara ukiwaangamiza bakteria waliouzunguka. Penisilini ikaanza safari yake kwenye ukungu wakati mtaalamu wa mizizi wa Usukuma akiingizwa kwenye orodha ya watu wa kuchungwa. Baadaye R. E. S. Tanner, aliyekuwa ofisa wa serikali huko, aliandika juu ya uganga wa Wasukuma.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1974 kilianzishwa Kitengo cha Utafiti wa Dawa za Asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asilia. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya miguu: kwenda vijijini, kumsikiliza mganga, kukata tawi na kulibana kwenye karatasi ili mtaalamu wa mimea alitambue. Kati ya 1982 na 1983 Inga Hedberg na wenzake wa Sweden, wakishirikiana na Watanzania akiwemo Keto Mshigeni na E. N. Mshiu, walichapisha orodha ya mimea ya tiba ya Tanzania katika sehemu tatu. Kwangu mimi orodha hiyo ni miongoni mwa nyaraka muhimu kabisa za utamaduni wa nchi hii, na inasikitisha kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili hawajawahi kuisikia.

Orodha ikishakuwepo, kazi inayofuata ni kupima. Mfamasia huloweka unga wa mzizi katika kilevi au maji, hupata dawa nzito, kisha hutia tone lake kwenye kidoti cha karatasi. Kidoti hicho huwekwa juu ya sahani ya ute uliopandwa bakteria na kulazwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Asubuhi, ikiwa dawa ina nguvu, duara safi huonekana kuzunguka kidoti, mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota, na upana wa duara hupimwa kwa milimita. Huko Nairobi, Masahiko Taniguchi, A. Chapya, Isao Kubo na Koji Nakanishi walichapisha upimaji wa namna hiyo kwa mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1978. Mwaka 1998 Fabry, Okemo na Ansorg wakatoa matokeo ya mimea sita, ukiwemo mfutwambula na mwarobaini, dhidi ya nasaba zaidi ya 100 za bakteria. Mizizi ya mzima, ambao kwa kitaalamu ni Terminalia sericea, ilipimwa na Mainen Moshi na Zakaria Mbwambo wa Muhimbili mwaka 2005.

Nani asiyeujua mlungulungu? Shina lake limejaa vinundu vigumu vyenye mwiba juu. Ukikwangua gome utaona umanjano, na ukitafuna ulimi unakufa ganzi. Umanjano huo una kemikali za jamii ya alkaloidi, mojawapo ikiitwa kelerithrini, ambazo kweli zinaua bakteria. Nengonengo nao, ukikata mzizi wake, hutoa harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, kwa kuwa mafuta ni yaleyale, methili salisileti. Lakini kelerithrini inadhuru pia seli za binadamu, na mzizi wa nengonengo ukizidi kipimo unaua mtu. Hapo ndipo mimea mingi ilipokwama. Duara kwenye sahani ni mwanzo tu. Dawa lazima imuue mdudu na kumwacha mgonjwa.

Wakati watafiti wakipima, miti yenyewe ilikuwa inakwisha. Shinyanga ilifyekwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, halafu operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti waliyoyafunga wenyewe kwa ajili ya kiangazi. Inakadiriwa kwamba ilipofika 1986, mwaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza, zilibaki takriban hekta 600 tu za ngitili zilizoandikwa. HASHI haikuleta maarifa mapya. Iliwarudishia Wasukuma desturi yao na kuilinda kwa sheria ndogo za vijiji. Miaka isiyofika 20 baadaye eneo hilo lilikuwa limepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni katika miaka hiyo watafiti wa ICRAF, shirika la kimataifa la kilimo mseto, waliwaomba waganga wa Shinyanga wachague miti ya tiba inayostahili kupandwa kwanza, na nengonengo, mlungulungu na mlundalunda ikawa kwenye orodha. Upande wa machimbo ya dhahabu hali ni ngumu zaidi: kila duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, linahitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba hayo hukatwa porini.

Sasa turudi kwenye kabati la hospitali. Antibiotiki tunazopewa kwa vidonge na sindano karibu zote zilitokana na kuvu au bakteria wa udongoni, au zilitengenezwa kiwandani. Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, Albert Schatz alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, kutoka kwa bakteria wa jenasi ya Streptomyces. Rifampisini ilianzia kwenye udongo uliochukuliwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1957. Streptomyces hawako mbali na sisi. Ile harufu inayopanda mvua ya kwanza inapogusa ardhi iliyokauka hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali wanayoitengeneza wao.

Na dawa hizo mbili zina historia yake Afrika Mashariki ambayo haisimuliwi vya kutosha. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa miezi 18. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakionyesha kwamba miezi 6 ingetosha ikiwa rifampisini ingeongezwa. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio walioithibitishia dunia. Kuanzia 1977 Tanzania, kwa ushauri wa Karel Styblo, ilijenga mpango wa taifa wa kifua kikuu ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua baadaye kuwa kielelezo chake. Kwa watu wa Geita, Bulyanhulu na vitongoji vya Kahama jambo hili si la mbali. Vumbi la mawe kwenye maduara na karashani, mahali pa kusagia mawe, huharibu mapafu na kuwafungulia mlango bakteria wa kifua kikuu, na mchimbaji anayepona huponywa kwa dawa iliyotoka udongoni, mbali na kwao.

Je, udongo wa kwetu hauna kitu? Kenya imeshajibu mara mbili. Akabosi, dawa ya kisukari inayouzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, ilitokana na bakteria wa Ruiru. Ilipojulikana hivyo, swali la nani amefaidika likazuka kwa haki kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitangaza Streptomyces formicae, bakteria aliyepatikana kwa sisimizi wanaoishi ndani ya vinundu vya mgunga ule unaopiga mluzi upepo ukivuma. Kemikali zake, zilizoitwa formikamaisini, zilizuia bakteria sugu hatari wa hospitalini. Mgunga huohuo umejaa kwenye udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga. Uyoga nao umeanza kusomwa: Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu ya uyoga wa vichuguu, chakula kinachopendwa sana Kahama wakati wa masika.

Haja ni kubwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae walikuwa na kimeng'enya kinachovunja antibiotiki zenye nguvu. Hospitali hiyo ndiyo kimbilio la rufaa la Kanda yote ya Ziwa.

Kwa hiyo vyuo vyetu na viache kukung'uta. Kila mzizi ukichimbwa kwa utafiti, udongo wake, kuvu wake na wadudu wake vipimwe pamoja nao, na ichukuliwe mizizi ya pembeni ili mti ubaki hai. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na tuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inayodai mgawo wa haki wa faida. Serikali za vijiji vya Kahama, Msalala na Geita zidai makubaliano ya maandishi kabla sampuli yoyote haijapakiwa kwenye gari, na jina la mfumu aliyeonyesha mti liwemo.