Havana Haiko Mbali na Morogoro

Vijana wengi wa Dodoma hatukuletewa muziki wa Kilatini na mwalimu. Tuliukuta kwenye filamu. Ndani ya banda la video, umebanwa kwenye benchi, jasho linakutoka, unamwangalia Antonio Banderas akishika gitaa dakika hii na bastola dakika inayofuata. Filamu ni Desperado, ya mwaka 1995. Wenzangu walitoka wakisimulia risasi. Mimi nilitoka na gitaa kichwani. Waliopiga muziki ule ni Los Lobos, kundi la Los Angeles lenye asili ya Meksiko, walewale walioirudia "La Bamba" kwa ajili ya filamu ya jina hilo mwaka 1987.

Tangu hapo nikawa natafuta filamu kwa sababu ya sauti tu. Ndivyo nilivyoipata Buena Vista Social Club ya Wim Wenders, iliyotoka 1999, kuhusu wazee wa Kuba waliorekodi albamu mjini Havana mwaka 1996. Nikashangaa. Yale magitaa, wale waitikiaji, mbona kama nawajua? Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliisikia kanda ile akacheka. "Mjukuu wangu, hiyo siyo ya video. Hilo ni dansi. Tumelicheza baba yako hajazaliwa."

Kumbe kweli bwana. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa santuri za GV kwa soko la Afrika, nyingi zikiwa za Kuba. Miongoni mwa waliosikika humo ni Trio Matamoros wa Santiago. Na yule Compay Segundo, mzee wa kofia na biri nene kwenye filamu, aliwahi kupuliza klarineti katika kundi la Miguel Matamoros. Maana yake sauti niliyoikuta kwenye video ilikwishapita kwenye gramafoni za babu zetu.

Bendi za miji ya reli ziliidaka. Tabora walikuwapo Kiko Kids. Morogoro, kama kilomita 260 tu kutoka Dodoma, Salum Abdallah aliongoza bendi iliyoitwa waziwazi Cuban Marimba, hadi alipofariki mwaka 1965. Mapigo yalikuwa na harufu ya Kuba, lakini maneno yalikuwa Kiswahili, na mapenzi yaliyoimbwa yalikuwa ya hapahapa.

Tena hilo neno marimba lina safari ndefu. Mashariki ya Kuba wana marímbula: sanduku kubwa lenye vipande vya chuma, mpigaji analikalia na kutoa besi kwa vidole. Asili yake ni ala za Waafrika waliopelekwa huko utumwani, hasa kutoka upande wa Kongo. Sasa itazame ilimba ya Wagogo, ile aliyoizungusha duniani Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Sanduku, vyuma, vidole. Sisemi kwamba Mgogo ndiye aliyeipeleka Kuba. Nasema ala hizi ni za ukoo mmoja.

Ndiyo maana naumia kumsikia kijana wa Dodoma akiiita ilimba "mambo ya kishamba", huku analipa kiingilio kwenda kusikiliza gitaa la Meksiko. Aende tu, mimi pia nilikwenda. Ila ajue kwamba ukoo wa muziki ule una ndugu hapa uwandani, Bahi na Mpwapwa, na kwamba waliocheza santuri za GV wanazidi kupungua.

Sisi tunaojifunza kuandika tuna kazi hapo. Tusingoje mgeni aje na kamera ndipo tuwajue wazee wetu, kama dunia ilivyongoja kuwajua wale wa Havana. Kama babu au bibi yako alicheza dansi, chukua daftari, mwamkie, halafu anza na swali jepesi: santuri mlizipata wapi, na mlicheza ukumbi gani?