Kutibu ngozi iliyoharibiwa na jua kwa leza na mwanga

SUALI: Ndugu yetu analima pamba Bariadi, mkoani Simiyu. Ana mtoto mwenye ualbino, ngozi imeshafanya mabaka kwa jua. Tumesikia kuna tiba za leza na mwanga, hazina kisu. Je, si kubadili maumbile ya Allah?

JAWABU: Sifa zote njema anastahiki Allah. Kubadili maumbile kulikokemewa katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, hakuingii humo kuondosha madhara. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamuamrisha aweke ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa mwanamme. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mabaka ya mtoto huyu, yakiwa makavu na yenye magamba, yanaweza kugeuka saratani. Basi tiba inajuzu, na mzazi aliyekwishaonywa na daktari hana udhuru wa kukaa kimya. (Wanaoniuliza leza ya kuwa weupe kwa ajili ya harusi, jawabu hii si yao.)

Katika tiba ya mwanga, baka hupakwa dawa, ikaachwa iingie, kisha likamulikwa kwa taa nyekundu au ya buluu mpaka seli mbovu zife. Inachoma, na mgonjwa hujikinga na mwanga mkali kiasi cha siku mbili. Leza za madoa hufuata weusi wa ngozi, ambao mtoto huyu hana, kwa hiyo hazimfai sana. Ipo pia njia rahisi zaidi, kugandisha baka kwa nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kinasomesha wataalamu tangu 1992, na hapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino.

Lakini taa haitasaidia kitu ikiwa mtoto anarudishwa shambani saa sita mchana. Avae kofia pana na mikono mirefu, hata skuli, na apakwe mafuta tena kila baada ya saa mbili.

Kuhusu udhu: mafuta yakiacha utelezi tu, maji yanafika na udhu ni sahihi. Yakiganda yakawa utando, yaoshwe kwanza. Kidonda kilichokatazwa maji, aoshe palipo pazima na atayamamu kwa ajili ya kidonda, ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafi.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.